Kompyuta Iliyorudi Kuwa Bibiharusi

Kompyuta yetu ya kuchapia vibali vya mifugo, hapa Garissa, ilinunuliwa kwenye studio ya video za harusi. Ilikuja na jina lake, bibiharusi, na jina hilo lilijichapa chini ya kila kibali. Mwenzangu ofisini, mwenyeji wa Wajir, alilibadilisha kila asubuhi kwa amri moja fupi. Umeme ukikatika na mashine ikawaka tena, bibiharusi amerudi.

Siku moja mwenzangu alikuwa likizo Elwak. Umeme ulikatika, ukarudi, nami nikamchapia mzee mmoja kibali cha ngamia sita bila kutazama chini. Saa moja baadaye akarudi nacho.

"Walaal, ndugu yangu, askari wa kizuizi cha darajani wamekataa. Wananiuliza kama hawa ngamia ni wa kuuza au ni mahari."

Lori lilikuwa limesimama juani, na mnunuzi wake wa Nairobi angengoja hadi jioni tu. Nikampigia mwenzangu simu.

"Usitumie amri yangu ya kila siku," akasema. "Ile inashika mpaka mashine izimwe. Andika hostnamectl set-hostname, halafu jina. Hiyo inaingia kwenye faili, hata uzime mara ngapi haitoki."

"Jina gani? Sijawahi kulitazama."

"Bunda."

Huyu ndiye mtu aliyeita polisi bolisi na pikipiki bikibiki. Nilishazoea kumsahihisha kichwani. Nikaandika punda. Nikazima, nikawasha: punda. Nikazima tena, maana siku hiyo sikuamini kitu. Punda.

Mzee akakisoma kibali kipya. "Ngamia wangu wameandikiwa na punda?"

"Ndilo jina la mashine, adeer."

"Afadhali. Punda haulizwi mahari."

Nilipanda lori naye, asije akarudishwa tena. Darajani askari mmoja alichukua kibali. Wa pili, aliyeketi kivulini, alishika barua ya makao makuu yenye majina ya mashine zinazotambuliwa. Nikachungulia begani kwake: Kalamu, Stapla, Bunda. Bunda la karatasi. Si punda.

Yule askari aliyeshika kibali, mtu wa huku huku kama mwenzangu, akasoma kwa sauti: "Bunda."

"Bunda iko," akajibu wa kivulini, akatia alama.

Lori likavuka na ngamia wote sita. Mimi nilirudi ofisini kwa miguu, nikijiuliza kama nilisahihishe jina lile, au niombe tu zamu ya darajani isibadilishwe.