Taa Inayozimika Chimala

Gari langu lina sensa ya upepo kwenye kila tairi, na upepo ukipungua inawaka taa ya njano kwenye dashibodi, yenye alama ya mshangao katikati. Mtu wa Uyole mwenye gari la namna hii anaijua vizuri taa hiyo. Kipindi cha baridi, asubuhi, upepo husinyaa ndani ya matairi na taa inawaka. Ukishuka mpaka Chimala kwenye joto, matairi yanapata moto na taa inazima yenyewe. Mtaani kwetu hakuna anayesumbuka nayo. Tunasema ni baridi tu, tunaendelea na safari.

Kwa hiyo asubuhi ile ya Julai, taa ilipowaka kabla hatujatoka getini, sikuijali. Nilikuwa nampeleka mama Kalenga kumzika mdogo wake. Mazishi yalipangwa saa nane mchana, na jeneza lingefungwa kabla ya hapo. Ukoo wa mama una msimamo mmoja kuhusu jambo hilo: likishafungwa halifunguliwi tena, hata aje nani. Mama aliniomba kitu kimoja tu.

"Nifikishe kabla hawajamfunika. Kuna neno nataka nimwambie."

Sikumuuliza neno gani. Nilikuwa nahangaika na buti. Kulikuwa na gunia la mchele wa Madibira, sukari na madumu ya mafuta, na ili gunia liingie nilishusha tairi la spea nikaliegemeza ukutani. Huwezi kwenda msibani mikono mitupu, nilijiambia, na spea ya nini wakati njia yote ni lami.

Tulipita Igurusi. Mwezi mzima uliopita alikuwa akiongea na mdogo wake kwenye simu kila jioni, mimi nikisikia upande mmoja: vaa sweta, chemsha tangawizi, usitoke nje mapema. Sasa simu hiyo hiyo alikuwa ameilaza mapajani, ameifunika kwa viganja.

Tulipopita Chimala jua lilikuwa limeshawaka, nimevua koti, nimefungua kioo. Mama akainama kuangalia dashibodi.

"Hii taa si inazimikaga hapa? Mbona leo haizimi?"

"Ni baridi tu, mama. Matairi hayajapata moto."

Akanitupia jicho ambalo sikulielewa, kisha akageukia dirishani. Nilichukia kidogo. Nilidhani ananifundisha gari langu mwenyewe.

Kabla ya Igawa usukani ukaanza kuvuta kushoto. Nilisimama, nikashuka, nikakuta tairi la mbele limekaa chini, limebaki mikunjo. Nikafungua buti kwa mazoea, nikakutana na gunia la mchele. Nilisonya kwa sauti, mwanamke mzima barabarani. Nikalikokota gari hivyo hivyo, taratibu, mpaka kwenye kibanda cha fundi pancha, huku simu ya mama ikiita.

Alikuwa baba mdogo, mume wa marehemu. Mama akaweka sauti ya nje.

"Shemeji, mko wapi? Mchungaji ana mazishi mengine baada ya haya. Watu wameshaanza kuaga."

"Tunakuja," mama akasema. "Tupo njiani." Kisha akaniangalia mimi, nami nikamwangalia fundi.

Fundi alizungusha tairi, akachomoa msumari. "Dada, umeingia ubavuni. Nikiziba kwa nje upepo hautakaa. Inabidi nilivue niweke kiraka ndani."

"Livue. Lakini kuna sensa ndani, imeshikana na vali. Usipitishe chuma hapo."

"Naijua hiyo, usijali."

Alikanyaga tairi, akachomeka chuma, akabinua. Nikasikia kitu kimekatika, tap, kama kijiti kikavu. Vali ikalala upande.

"Si nimekwambia!" Nilipiga kelele mpaka wauza vitunguu wa ng'ambo wakasimama kutazama. "Nimekwambia usipitishe hapo!"

"Umenisimamia sana, dada, mkono umeteleza." Alikuwa ameloa jasho, na kusema kweli nilikuwa nimemsimamia kichwani. "Naweka vali ya kawaida ya mpira. Gari litatembea. Taa tu ndiyo itabaki inawaka."

"Nitajuaje sasa kama kiraka kinashika?"

Mama, aliyekuwa amekaa kwenye benchi la kibanda amefunga kitenge kiunoni, akasema bila kunyanyua sauti, "Aweke. Twende."

Tulipoondoka, taa ilipepesa kwa muda kisha ikatulia, imewaka. Tangu hapo niliendesha kwa hofu. Taa ile sasa haikuniambia kitu. Tairi likishika ingewaka, tairi likitoboka ingewaka. Kila shimo dogo nilihisi ndilo lenyewe. Nikikimbia, kiraka kitaachia. Nikienda polepole, jeneza litafungwa. Kwenye kila kijiji kibao cha hamsini, na trafiki na kamera yake chini ya mti. Makambako nilisimama, nikashuka, nikashika tairi kwa kiganja, nikaligonga kwa ngumi. Lilikuwa gumu. Mafinga nikasimama tena.

"Usisimame tena," mama akasema nilipofungua mlango. Machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti. "Kama ni kupasuka, litapasuka tukiwa tunakwenda."

Sikusimama. Tulipita Ipogolo saa nane imeshapita, tukapanda mlima, tukakatiza mjini, tukashika njia ya Kalenga. Simu haikuita tena, na ukimya huo ulinitisha kuliko taa.

Uani watu walikuwa wamejaa. Kwaya ilikuwa bado inaimba, sauti zimekauka, unasikia wamerudia nyimbo mara kadhaa. Mchungaji alikuwa amesimama na joho lake, anaangalia saa waziwazi. Na baba mdogo alikuwa amekaa kwenye kiti kando ya jeneza, mfuniko ameulaza mapajani, ameukumbatia kwa mikono miwili. Hakuna aliyethubutu kumnyang'anya.

"Kamwene, shemeji," akasema. "Nimewaambia mimi siwapi mfuniko mpaka ufike."

Nilimshika mama kiwiko, tukasogea. Akainama juu ya uso wa mdogo wake. Aliongea Kihehe, kwa sauti ya chini, kama alivyokuwa akiongea kwenye simu, na mimi niliyekuwa karibu nilielewa kila neno.

"Uliniambia unakohoa, mdogo wangu. Uliniambia kifua kinabana. Mimi nikakwambia ni baridi tu. Kila siku nikakwambia ni baridi tu, litatoka jua."

Ndipo nikalielewa lile jicho la Chimala. Nikataka kumwomba radhi palepale, lakini haikuwa zamu yangu ya kuongea.

Mama alinyoosha ukosi wa gauni la mdogo wake. Akavuta shuka mpaka kidevuni, akalichomeka pande zote mbili ili upepo usiingie.

"Sasa wape mfuniko, shemeji," akasema.