Siku Mwalimu Phelister Alipotaka Kupekua Mabegi

Usimwone Phelister Ayuma na miwani yake iliyofungwa kwa uzi ukadhani ni mtu wa mchezo. Alikuwa karani wa kaunsil ya jiji miaka thelathini, na alipostaafu alikataa katakata kukaa nyumbani kwake mtaa wa Umoja kusubiri uzee. Kila Jumamosi alasiri watoto ishirini walijazana kwenye chumba cha nyuma ya kanisa, naye akawafundisha Katiba vilevile wanavyofundishwa mistari ya Biblia Jumapili: unasimama, unakariri kifungu, unapigiwa makofi, unaketi. Ukikwama, unabaki wima.

"Thelathini na moja!" alikuwa akiita.

"Kila mtu ana haki ya faragha! Asipekuliwe mwili, nyumba wala mali yake!"

Na aliwaambia kifungu hicho hakichagui mtu, awe askari, keateka anayesimamia ploti ya nyumba za kupanga au yeye mwenyewe. Ni rahisi kusema hivyo kabla hujapotelewa na kitu.

Jumamosi moja alitoka kidogo kunywa maji. Kurudi, Katiba yake haipo mezani! Nakala ile ile yenye maandishi yake mekundu pembeni, ambayo wiki nzima alikuwa akilalamika kuwa jalada lake linabanduka. Alitafuta chini ya meza, chini ya viti, wapi! Damu ikampanda.

"Mabegi yote hapa mbele. Fungueni!"

Mabegi kumi na tisa yakaletwa. La ishirini lilikumbatiwa na Nafula, msichana wa miaka kumi na mmoja kutoka mtaa wa Kware, ambaye hata kuitikia jina lake huwa ni kwa kunong'ona. Akasimama.

"Mwalimu, thelathini na moja."

"Ati nini?"

"Kila mtu ana haki ya faragha," akaanza, akakikariri chote machozi yakimtoka, bila kukwama hata kwenye neno moja.

Lo! Phelister alitamani ardhi immeze. Alijua fika kwamba akilifungua begi lile huenda akakipata kitabu, lakini mwaka mmoja na nusu wa kufundisha utakuwa porojo tupu. Asipolifungua, kitabu ndicho hicho kimekwenda. Watoto walimkodolea macho.

"Nimekosea," akasema. "Kila mtu achukue begi lake. Nafula amekariri sawasawa, mpigieni makofi."

Yeye ndiye aliyeanza kupiga.

Jumamosi iliyofuata alikikuta kitabu mezani. Kilikuwa kimefunikwa kwa karatasi ya kaki, pembe zimekunjwa sawasawa, kama watoto wanavyofunika vitabu vyao vya shule muhula ukianza. Ulimi ulimwasha kuuliza ni nani. Akawatazama wote ishirini, Nafula akiwemo, akaumeza ule udadisi wake.

"Thelathini na moja!" akaita, na mikono ikainuka chumba kizima.

"Hapana, shusheni," akasema. "Leo ni zamu yangu."

Akasimama wima mbele yao, akaanza kukariri.