Ubeti wa Pili wa Bibi

Juzi redio ilitangaza kifo cha mzee mmoja wa Kiitaliano, mtunzi wa muziki wa filamu. Wakasimulia kazi yake: alianza kwa kupiga piano kwenye kumbi za dansi, akawatungia waimbaji nyimbo za mapenzi, kisha sinema zikamchukua hadi uzeeni. Halafu wakapiga kipande kimoja. Rafiki yangu, nilizima jiko. Ulikuwa wimbo wa bibi yangu.

Nilikulia Norsborg, huku Uswidi, mwisho wa reli. Jumamosi nyumba ilinukia sombe, yale majani ya muhogo, na mawese, madirisha yakitoka jasho, bibi akitwanga na kuimba, jirani wa chini akigonga dari kwa fagio. Sauti ya wimbo ule aliisikia kwao Uvira akiwa msichana, mapadri walipoonyesha sinema kwenye ukuta wa parokia. Maneno aliyaweka mwenyewe miaka mingi baadaye, akikimbia vita. Ubeti wa kwanza ulimshukuru Mungu kwa waliovuka mpaka. "Wa pili ni wa shangazi yako, aliyebaki njiani," aliniambia. Huo hakutuimbia. Alitaka uimbwe kanisani, na watu wengi, kwa sababu peke yake hakuweza kuumaliza.

Basi akaanza kuifundisha kwaya. Mimi nilikaa nyuma na andazi langu. Ubeti wa kwanza ulipokolea, mpiga kinanda akaacha kupiga.

"Mama, huu si wa sinema? Ile wanayobusiana mvuani!"

Wanakwaya wakacheka. Mwalimu wa kwaya hakucheka. "Koko," akamwita, kama tunavyowaita bibi zetu, "utusamehe. Hapa ni madhabahuni."

"Na huyo Muitaliano," bibi akauliza, "sauti alipewa na nani?"

"Ya Kaisari tumwachie Kaisari, koko."

Bibi akajifunga kitenge chake, akanishika mkono tukatoka. Tangu siku hiyo alitwanga kimya. Nikimwomba kwa Kiswidi changu aimbe, alisema mdomo umechoka.

Alifia hospitali ya Flemingsberg, majani yakianza kupukutika. Kwenye kikanisa cha makaburini mwalimu wa kwaya, sasa mvi tupu, alinivuta kando.

"Mwanangu, ule ubeti wa pili unao?"

Nikatikisa kichwa. Hakuna aliyekuwa nao.

Tukaimba wa kwanza. Tulipoumaliza, mpiga kinanda hakuacha. Aliupiga wa pili wote, sauti bila neno, nasi tumesimama midomo imefungwa, shangazi yangu akipita katikati yetu bila jina.