Waya wa Koleo

Watu wa uwanja wa ndege walimwita Koleo, na jina likamganda mpaka mama mkwe wake akasahau lile alilopewa na wazazi. Kazi yake ilikuwa kutunza ndege ndogo ya kaka yake, yenye injini moja, iliyobeba abiria wachache na mizigo. Baba yao naye alikuwa rubani. Alikufa propela ilipochomoka angani: fundi alikuwa amekaza bolti vizuri, akasahau kuzifunga waya, na mtikisiko wa injini ukazilegeza.

Kaka naye alipokuwa rubani, hakurusha ndege mpaka Koleo awe amefunga waya ule kwa mkono wake. Siku kaka alipopata leseni, mama yao alimwambia Koleo, "Wewe ndiye macho yangu huko. Usimwachie mtu mwingine." Koleo alikuwa kijana, akaitikia kwa furaha. Hakujua anaitikia kifungo.

Miaka ikapita. Mkewe, muuguzi, akapata uhamisho kwenda mji wa mbali. Huko kulikuwa na karakana ya ndege iliyomtaka Koleo.

"Safari hii tunaondoka wote," mkewe alisema akikunja mashuka. "Au nimeolewa na propela?"

Wakacheka, ila kicheko cha mkewe kilikatika mapema.

Koleo akatafuta fundi wa kushika nafasi yake, mwanamke mtaratibu waliyemwita Mpole. Siku ya kukabidhiana kazi alisimama pembeni, mikono mfukoni. Mpole alikaza bolti, akapitisha waya kwenye tundu la kichwa cha bolti, akausokota kama msuko wa nywele, kisha akauvuta hadi bolti ya jirani kwa upande wa kukaza, ili moja ikitaka kulegea iikaze ile nyingine. Ncha akaikunja isichome mtu. Koleo akapapasa kila msokoto. Hakuona kasoro. Moyo ukawa mwepesi.

Kaka akapanda, akawasha. Abiria walikuwa wameshafunga mikanda. Mara injini ikazimwa. Kaka akashuka, jasho linamtiririka.

"Kazi yako nzuri, dada," akamwambia Mpole. "Sina neno." Kisha akamgeukia mdogo wake, sauti chini. "Siwezi. Nikishika usukani namwona baba. Nisamehe, mdogo wangu."

"Kaka, waya wake na wangu hauna tofauti."

"Najua."

Abiria walichungulia madirishani. Koleo akachukua koleo, akakata waya usio na kosa, akafunga mwingine vilevile, tundu kwa tundu. Mpole akamshikia ncha. Ndege ikaruka.

Jioni mkewe aliitazama mikwaruzo mipya vidoleni mwake.

"Umefunga wewe."

"Nimefunga mimi."

"Basi mimi natangulia, mume wangu. Sikukimbii. Naenda kazini."

Kaka ndiye aliyempeleka. Koleo alikagua waya, akarudia, akarudia tena, mpaka mkewe akagonga kioo na kumwashiria atosheke.

Ile nafasi ya karakana alipewa Mpole. Koleo humwona mkewe ndege inapolala mji ule. Kukicha hufunga waya, hupanda, hurudi nayo. Akibaki yeye, nayo inabaki.