Tenki Nililoandika Kuwa la Maji

Jumatano, tarehe 11 Juni 2025, saa 4:10 asubuhi. Mwanamke wa makamo aliingia ofisini kwangu Nyahanga, Kahama, akiwa amefungwa pingu. Mkononi alishika karatasi niliyoijaza mimi.

Nyuma yake aliingia askari wa upelelezi, mwanamke pia, amevaa kiraia. Alijitambulisha kwa jina moja tu: Ghati.

Mimi naitwa Edson. Ni wakala wa forodha. Mtu akinunua mzigo nje ya nchi, mimi ndiye ninayejaza fomu, nafuatilia vibali na kulipa ushuru kwa niaba yake, mpaka mzigo uvuke mpaka. Nimeifanya kazi hiyo miaka kumi na miwili. Sijawahi kukosea uzito wa mzigo wala thamani yake.

Nilisimama. "Shikamoo mama."

"Marahaba baba," akajibu. "Za hapa?"

Alisalimia kama mtu aliyekuja kuomba maji ya kunywa. Pingu zilikuwa zimemwachia alama nyekundu mikononi.

"Unamjua huyu?" Ghati akaniuliza.

"Simjui."

Ni kweli. Sura yake sikuwa nimewahi kuiona.

"Anaitwa Febronia, Mama Nestory. Anauza maji Kharumwa. Ndoo shilingi mia tatu. Umesikia habari za Kharumwa?"

Nilikuwa nimesikia. Kila mtu alikuwa amesikia.

Jumapili tarehe 25 Mei, watu tisa waliochota maji kwenye kibanda kimoja waliugua ndani ya saa mbili. Kizunguzungu, kutapika, pumzi kukata. Wanane walipona. Wa tisa, mama mmoja anayeitwa Lusia, alifariki saa kumi na mbili na robo jioni, kituo cha afya.

Jumanne tarehe 10 Juni, majibu ya maabara yakatoka. Ndani ya tenki la Mama Nestory kulikuwa na sainaidi, ile kemikali wanayotolea dhahabu.

Jioni ileile akakamatwa.

"Mama anasema tenki alilinunua likiwa safi," Ghati akaendelea. "Anasema karatasi ya forodha inathibitisha ni tenki la maji. Chini kuna jina lako, namba yako ya simu, muhuri wako. Kasema, nipelekeni kwa aliyeandika, yeye ndiye shahidi wangu. Tumemleta."

Mama Nestory akaiweka karatasi mezani. Ilikuwa kwenye mfuko wa nailoni, imekunjwa mara nne, haina doa.

"Waambie tu, baba," akasema. "Mimi sikutia kitu. Si uliandika la maji?"

"Kilichoandikwa ndicho hicho hapo, mama."

Ghati alicheka kidogo, bila furaha. "Hilo jibu la msomi. Mimi nimekuja kutafuta jibu la mtu. Umewahi kuongea na huyu mama? Hata kwa simu?"

"Hapana."

Akaandika kwenye daftari lake.

Mama Nestory alinitazama. Kisha akaichukua karatasi yake, akaikunja mara nne kama ilivyokuwa, wakatoka.

Mama Eunice, anayeuza chai mlangoni kwetu, akachungulia. "Baba Vaileth, yule mama kaiba nini?"

"Hajaiba."

"Sasa pingu za nini?"

"Ameamini karatasi."

"Mh. Mbona wote tunaziamini," akasema, akarudi kwenye birika lake.

Sasa nieleze ile karatasi ilivyoandikwa.

Machi 2024 nilikuwa na mteja anayeitwa Herman. Alikuwa na elusheni karibu na Kharumwa, yaani kiwanda kidogo cha kutenganisha dhahabu kwa kemikali. Alinunua tenki la chuma, lita elfu tano, lililokwisha kutumika nchi jirani. Ankara ya muuzaji ilisema wazi: tenki la kuchanganyia sainaidi.

Chombo kilichobeba kemikali ya namna hiyo hakivuki hivihivi. Kinahitaji kibali cha kemikali na cheti kwamba kimesafishwa kitaalamu. Herman hakuwa na hata kimoja. Lori lilikuwa limesimama mpakani Tunduma siku ya sita.

"Kibali kinachukua muda gani?" akaniuliza kwa simu.

"Wiki tatu. Nne. Na lazima kwanza lisafishwe."

"Wiki nne? Baba Vaileth, wewe ni wakala au katekista? Wenzako wanaandika tenki la maji, mzigo unatoka chap, maisha yanaendelea."

Ni kweli kwamba wenzangu walifanya hivyo. Kwenye kazi yetu uongo unaoogopwa ni wa thamani, kwa sababu huo unapunguza kodi na ndio unaotafutwa. Maelezo ya mzigo tunayaona kama lebo tu.

Nilipiga hesabu yangu. Tenki linatoka kwenye kemikali, linaenda kwenye kemikali. Hakuna mtu atakayekunywa humo. Serikali itapata kila senti yake.

Nikajaza fomu. Uzito sahihi. Vipimo sahihi. Thamani sahihi. Nchi lilikotoka, sahihi. Kwenye maelezo nikaandika kwa Kiingereza cha fomu: tenki la chuma la kuhifadhia maji, lililotumika.

Mzigo haukuchaguliwa kukaguliwa. Ukatoka baada ya siku mbili.

Herman akanitumia ujumbe: "Wewe ni jembe."

Niliufurahia ule ujumbe. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli.

Mapema mwaka huu elusheni ya Herman ilifungwa. Akauza vitu vyake kimoja kimoja. Tenki akamuuzia Mama Nestory, na kwa kuwa mama huyo hanunui kitu bila karatasi, akampa nakala ya fomu yangu iwe uthibitisho wa umiliki. Mwanae Nestory aliyemaliza kidato cha nne akamsomea na kumtafsiria.

Alilisafisha mara tatu kwa sabuni na mchanga. Hakuweza kujua kwamba chini kulikuwa na bamba la pili la chuma, na katikati ya yale mabamba mawili tope la kijivu la kemikali lilikuwa limebaki.

Boza la maji lilikuwa linakuja kila baada ya siku nne, tenki halikuwahi kukauka. Kuelekea mwisho wa Mei boza likaharibika. Jumapili ile maji yakashuka chini ya bomba, akafungua valvu ya chini kabisa, na kwa kuwa bamba lilikuwa limeshaoza kwa kutu, tope likatoka na maji.

Wote walioumwa walichota baada ya saa tisa alasiri.

Lusia alipewa ndoo ya mwisho. Walikuwa jumuiya moja kanisani. Mama Nestory alikataa hela yake, akamwambia hayo ni maji ya mkiani, hayauzwi.

Habari ya ile ndoo ilikuwa imeenea hadi Kahama; mengine nimeyasoma baadaye kwenye maelezo yake na ripoti ya polisi. Ninachokijua bila kusoma ni hiki kifuatacho.

Jumatatu, tarehe 14 Aprili, saa 5:37 asubuhi, namba nisiyoijua ilinipigia. Alikuwa Mama Nestory. Tuliongea dakika moja na sekunde hamsini na mbili.

Kwa hiyo ile "hapana" niliyomjibu Ghati ilikuwa uongo.

Baada ya wao kuondoka siku ile ya Jumatano nilifunga mlango, nikafungua kabati la mafaili. Mimi situpi karatasi. Ankara ya muuzaji ilikuwa pale pale nilipoiweka, ina neno sainaidi kwenye mstari wa kwanza. Karatasi hiyo ilikuwa moja tu nchini, na ilikuwa kwangu.

Kiberiti cha Mama Eunice kilikuwa dirishani.

Nilikaa na ile ankara mpaka saa tisa. Nilijaribu kuyapanga mambo kama ninavyopanga faili. Nikiichoma, Mama Nestory anabaki mtu pekee aliyegusa tenki, na mahakama itauliza yeye alitia nini humo. Nikiipeleka, leseni yangu imekwisha, na pengine mimi ndiye nitakayefungwa.

Kila upande ulikuwa na hoja zake. Lakini kila nilipofika kwenye ndoo ya mwisho, ile aliyokataa kulipwa, hesabu ilikatika.

Alhamisi, tarehe 12 Juni, saa 12 asubuhi nilipanda gari la Kharumwa. Saa 3:05 nilikuwa kaunta ya polisi.

"Nimekuja kubadilisha maelezo yangu," nikamwambia Ghati.

"Yapi?"

"Yote."

Nikampa ankara. Nikamweleza Herman, Tunduma, fomu. Alikuwa anaandika bila kuinua kichwa. Nilipofika kwenye simu ya tarehe 14 Aprili, nikasema tuliongea, nikasema sikumbuki maneno yenyewe.

Kalamu ikasimama.

"Hukumbuki?"

"Kwa ujumla tu."

Nilisaini saa 5:30. Nilipoweka kalamu chini, Ghati akafungua droo, akatoa simu ndogo yenye kioo kilichopasuka.

"Hii ya Mama Nestory. Nestory aliiweka irekodi kila simu, maana wateja walikuwa wanaagiza maji halafu wanakana. Tumeichukua Jumanne jioni."

Akabonyeza.

Nikasikia sauti yangu. "Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Samahani kukusumbua. Nimenunua tenki kwa Herman. Jina lako liko kwenye karatasi. Kijana wangu kanisomea kwamba ni la maji. Ila chini naona rangi siielewi. Nauliza tu, baba. Lilikuwa la maji kweli?"

Kimya. Nilikihesabu. Sekunde nne.

"Mama, wewe unajua kusoma?"

"Kidogo."

"Basi fuata karatasi. Kilichoandikwa ndicho."

"Kwa hiyo niweke tu maji ya watu?"

"Karatasi inasema la maji."

"Ahsante baba. Mungu akubariki. Mimi niliona niulize mwenye elimu."

Ikakata.

Nilikuwa nakumbuka kila neno. Niliyakumbuka Jumatano pia.

"Mlikuwa na hii jana, mlipokuja ofisini," nikasema.

"Tulikuwa nayo. Sikuja kukuuliza ili nijue. Nilikuja kuona utajibu nini mbele yake." Akairudisha simu kwenye droo. "Yeye hakuomba tukuchezee hii. Alisema, nipelekeni, yule baba ni msomi, nikisimama mbele yake atasema mwenyewe. Mimi nikamwambia, mama, hao ndio hawasemi."

"Nimesema leo."

"Ndiyo. Saa nane tulikuwa tunakuja kukuchukua. Umetuokolea mafuta ya gari."

Mawakala wenzangu wataisoma hii, kwa hiyo funzo naliweka hapa. Tunajidanganya kwamba fomu ikishapigwa muhuri inalala kwenye faili. Hailali. Inatoka na mzigo, inapita mkono hadi mkono, na inaishia kwa mtu ambaye hajui kwamba sisi wenyewe hatuiamini. Yeye atatenda kama ilivyoandikwa. Andika kitu kama kilivyo, na mzigo ukae mpakani wiki nne.

Na mtu akikupigia kuuliza, usimwambie asome. Mwambie unachokijua.

Wakanikalisha kwenye benchi la korido, nisubiri hatua inayofuata. Herman simu yake ilikuwa imezimwa tangu Jumatatu.

Saa 7:52 mchana mlango wa mahabusu ulifunguliwa. Mama Nestory alitoka bila pingu. Akapewa kanga yake, rozari na ndala zake. Karatasi hakupewa, imebaki kuwa kielelezo. Alisaini kwa kuandika jina lake lote, polepole, herufi moja moja.

Kisha akaja upande wangu, kwa sababu mlango wa kutokea ulikuwa upande huo.

Nilisimama.

"Shikamoo mama."

Alipita. Hakuitikia.