Maulidi ya Kumpokea Mume Wangu

Mume wangu ni fundi wa jenereta. Alipopata kazi ya miezi kumi na minne kwenye kituo cha utafiti cha pwani, upande wa Ncha ya Kusini, nilimtania: wewe unayelala na soksi hapa Woolwich kwa Waingereza, huko barafuni utaweza? Akacheka sana.

Walikuwa watu kumi na watatu. Majira ya baridi meli haifiki, ndege haitui, na jua halichomozi. Mwanzoni alipiga simu kila siku, kisha kila wiki. Mwishoni nikimuuliza amekula nini, anakata simu.

Sisi Wazanzibari kwa mtu aliyekaa peke yake tuna dawa moja tu: mtu ni watu. Basi aliporudi nikaandaa maulidi ya kumpokea. Nikaalika majirani wa Kipemba, wenzangu wa kazi ya kulea wazee, na mashoga zangu kutoka Edgware Road. Nikapika biriani masufuria mawili. Nilikuwa na kiherehere kama bibi harusi. Najiambia, leo atachangamka.

Ubani haujaisha, hayupo. Nikamkuta bafuni, amekaa sakafuni, taa kaizima, kaziba masikio.

"Wanasema wote kwa pamoja," akaniambia. "Waondoe, mke wangu. Nakuomba."

Aibu ikanipanda, nikamwakia. "Watu wamekuja kukushukuria Mungu, nawe wajifungia msalani?"

Akautazama ukuta, macho yamepita mbali, wala sikuwa na hakika kama ananisikia. Wageni wakaondoka na biriani kwenye mifuko, wakinipa pole kama nimefiwa.

Shoga yangu mmoja akasema ni jini, nimsomeshee Kurani. Nikamsomeshea. Daktari akasema itapita. Mwaka umekwisha, haijapita. Chakula anapelekewa chumbani, na binti yetu wa miaka tisa ameshaacha kumgongea mlango.

Wiki iliyopita nilikuwa nakunja nguo kitandani. Akaniambia, bila kunitazama, ameomba kurudi kule na wamemkubali.

"Si kwamba kule kuzuri, mke wangu. Kule kubaya. Lakini kule hapana anayeningoja kila asubuhi niamke nikiwa yule wa zamani."

Nilitaka kumpigia kelele, nimshike mabega nimtikise. Lakini tangu arudi alikuwa hajawahi kunambia maneno mengi kiasi hicho, na mimi, mjinga mie, nilifurahi kuisikia sauti yake.