Neno Lisilotajwa Mbele ya Mtoto

Kazi yangu ni kutunza tovuti ya zahanati moja hapa Malindi. Ukurasa wa degedege niliuchapa mwenyewe kutoka kwenye karatasi za muuguzi, nikaupamba kwa picha, nikajisifu. Kuchapa si kusoma.

Mwanangu alishikwa mchana, homa ikiwa juu. Alijinyoosha mikononi mwangu, macho yakapanda, mwili ukaanza kutetemeka. Mume wangu alitoka mbio kutafuta tuktuk. Mama yangu, aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Tezo, alichukua kijiko amtie mtoto kinywani asijing'ate ulimi. Nilikumbuka kwamba ukurasa wangu ulisema jambo kuhusu vijiko, ila sikukumbuka kama ulisema tia au usitie. Mganga hajigangi.

Nikashika simu, nikamwambia mama angoje nisome habari za dege.

"Usilitaje mbele yake," akasema. "Likiitwa laja."

Nina shahada, lakini vidole viliogopa pamoja nami. Niliandika vile tulivyosema nyumbani tangu utotoni: mtoto kashtuka. Kisanduku cha kutafutia cha tovuti yangu mwenyewe kikanijibu kwamba hakuna kilichopatikana. Nikaandika tena. Hakuna. Kijiko kilikuwa kimeshafika mdomoni. Nikausukuma mkono wa mama bila kujua kama naokoa au naua.

Kabla tuktuk haijafika mtoto akalegea, akavuta pumzi, akalia. Sijawahi kukipenda kilio namna ile. Zahanatini walisema ni heri kijiko hakikuingia.

Niliporudi kazini nilifungua orodha ya maneno ambayo watu waliyatafuta kwenye tovuti wasipate kitu. Yangu yalikuwemo. Lakini kabla yangu alikuwepo mwingine: mtoto kashtuka. Mtoto kashtuka macho juu. Mtoto kashtuka nifanyeje. Kisha basi.

Jioni nilimwomba mama anitajie majina yote ambayo watu huyatumia wasilitaje lile lenyewe. Alimpeleka mtoto kwa jirani kwanza, akafunga mlango, akayasema kwa sauti ya chini, na mimi nikayaunganisha yote na ukurasa ule mmoja. Sasa ukiandika lolote kati ya hayo, ukurasa unafunguka papo hapo, na "usitie kijiko" ndio mstari wa kwanza.

Huwa namtafuta yule mwingine kwenye orodha ile kila asubuhi. Hajaandika tena, na sijui kama mtoto wake alilia.